Kadi ya Wawili

Mpaka leo sielewi nauli za treni za nchi hii, na nimeishi humu miaka sitini na sita bila kuhama hata mtaa. Nilikuwa mpishi wa shule. Nipe sufuria moja ya viazi na watoto mia mbili wenye kelele, nitagawa na kila mmoja atashiba. Lakini ukiniuliza kwa nini kiti kilekile, kwenye reli ileile, kutoka Colbury kwenda Birmingham, kinauzwa pauni kumi na tisa asubuhi na pauni kumi na mbili baadaye kidogo, nitakutazama tu. Kiti hakijapakwa rangi mpya. Mto wake haujaongezwa sufi. Kilichosogea ni saa peke yake.

Saa yenyewe ni saa tatu na nusu. Kabla ya hapo ni wakati wa msongamano, unalipa bei kamili na hakuna wa kukuhurumia. Baada ya hapo punguzo linaanza. Sasa treni yetu, kwa ujuzi wa mtu fulani aliyekaa ofisini akicheka peke yake, inapita Colbury saa tatu na dakika ishirini na nane. Ukitaka punguzo, unasubiri inayofuata, baada ya saa nzima.

Hizo dakika mbili ndizo zilizonikutanisha na Royston Tranter.

Ilikuwa Jumatano ya baridi. Treni ilikuja, milango ikafunguka, ndani viti tele havina watu. Sikupanda. Nilipogeuka nikaona mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua la kahawia naye hajapanda. Tukasimama sisi wawili tunaitazama treni tupu ikiondoka bila sisi, kama watu wanaosindikiza mgeni.

"Na wewe unasubiri ya saa nne?" akaniuliza.

"Siwezi kuwapa pauni saba kwa ajili ya dakika mbili."

"Vizuri sana. Ni suala la msimamo."

"Ni suala la pesa," nikamwambia.

Akacheka. Tukakaa kwenye benchi, akafungua chupa yake ya chai. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mkewe Rosalind alikuwa amefariki. Mimi nikamwambia kwamba mume wangu alikimbia na mwanamke aliyekuwa anauza matrela ya kupigia kambi, na kwamba sikumkimbiza. Akaona nimemaliza habari hiyo, akahamia kwenye nauli. Walimu hawa, hata wakistaafu, somo haliwatoki.

"Sikiliza, Bi Prosser. Kampuni haiuzi kiti, inauza saa. Anayekwenda kazini hana hiari, bosi wake anamsubiri. Mpandishie bei, atanung'unika, lakini atalipa. Sisi tunaweza kubaki nyumbani kwetu bila hasara. Ndiyo maana sisi tunabembelezwa."

"Yaani tunapunguziwa kwa sababu hakuna mtu anayetusubiri?"

"Kiuchumi, ndiyo."

"Mbona inasikitisha hivyo?"

"Uchumi haukuumbwa kutufurahisha, Bi Prosser."

"Niite Glenys. Sasa kama ni wakati wa msongamano, mbona ile imeondoka tupu?"

Akatazama reli. "Hapo," akasema, "hata mimi sielewi."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Sijui kama nilijua wakati ule, lakini nikihesabu nyuma naona ni pale. Marehemu baba yangu alikuwa na jibu la kila kitu, mume wangu vilevile, na mimi nilikuwa nimechoka na wanaume wenye majibu.

Basi ikawa desturi. Kila Jumatano tunakwenda Birmingham. Kuna ukumbi pale ambapo saa saba mchana mtu anapiga kinanda kikubwa cha mabomba, bure, kisha tunakwenda sokoni kununua samaki na kugombana na wauzaji. Jioni tunarudi. Kila Jumatano tulikuwa tunafika stesheni mapema, kabla ya treni ya saa tatu, treni ambayo hatuwezi kuipanda. Sababu tuliyojipa ni kwamba ikichelewa dakika mbili tu, itaondoka saa tatu na nusu, na labda punguzo litafanya kazi.

"Haifanyi," alisema Sukhi, dada anayekata tiketi pale dirishani. "Inahesabiwa saa ya kwenye ratiba, mpenzi, siyo saa treni inapofika."

"Hilo lina ubishi," Royston akamjibu.

"Halina ubishi, mpenzi. Limeandikwa."

Wiki iliyofuata tukaja tena mapema, kuhakikisha. Sukhi alitutazama kupitia kioo chake akatikisa kichwa. Yeye humwita kila mtu mpenzi: mimi, postamani, hata mlevi anayelala kwenye choo cha stesheni. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Asiyekupenda atakuita mpenzi mchana kutwa, na anayekupenda atakuita kwa jina lako la ubatizo na kukuzungumzia mvua.

Siku moja Royston akaanza kukohoa kohozi lisilokuwepo. Nikajua kuna jambo.

"Kuna kadi," akasema.

"Kadi gani?"

"Ya treni. Ya watu wawili. Wanaandikwa majina wote wawili na picha zao zinabandikwa pamoja. Wakisafiri pamoja, kila mmoja anapunguziwa theluthi juu ya punguzo. Lazima wawe pamoja, na iwe baada ya saa tatu na nusu. Mmoja asipokuwepo, kadi ni karatasi tu." Akakohoa tena. "Nimefikiri, kwa kuwa tunakwenda upande mmoja."

"Kwa kuwa tunakwenda upande mmoja," nikasema.

"Kama huna neno."

"Sina neno."

Nilinunua blauzi mpya kwa ajili ya picha ile. Picha yenyewe ni ndogo kama stempu ya barua, blauzi haionekani. Lakini nilipoona sura yangu na yake upande kwa upande, chini yake majina yetu, nilihisi joto usoni, nikalilaumu joto la stesheni, ambako hata jiko la mafuta halipo. Mwaka ukaisha tukaikata tena. Hakuna aliyesema lolote zaidi ya hilo. Kwetu unaweza kumaliza ndoa nzima bila kusema lolote zaidi ya hilo.

Yaani nilikuwa mtu mwenye furaha, na sikujua jina la furaha yenyewe. Jirani akikuuliza, "Yule ni nani wako?" utasemaje? Mwenzangu wa kadi?

Kisha akaja mkaguzi wa tiketi.

Ilikuwa majira ya baridi, wiki chache kabla kadi ya pili haijaisha. Mkaguzi mgeni, mnene, mwenye ndevu na roho nzuri, na hawa wenye roho nzuri ndio wa kuogopwa. Aliishika kadi yetu, akatazama picha, akatutazama sisi.

"Samahani, nyote wawili mmepita sitini?"

"Adabu yako," nikamwambia.

"Sina nia mbaya, mama. Ni kwamba kuna kadi ya wazee. Theluthi ileile. Kila mtu na yake. Na huku kwetu kadi ya wazee haitazami saa, hata saa mbili asubuhi unapanda na punguzo lako. Hii ya wawili inawafunga bure. Bibi akiugua, babu anakosa punguzo. Ya nini kujifunga?"

Akapiga kadi muhuri wa kalamu yake, akatutakia siku njema, akaenda zake kuharibu maisha ya wengine.

Nikamgeukia Royston. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mwanamume huyu anajua nauli ya kila kituo kutoka hapa mpaka Uskoti. Anajua mahali pa kuikata safari vipande viwili ili ipungue pauni moja na nusu. Ningeaminije kwamba hakujua kadi ya wazee? Miaka miwili tunakaa kwenye benchi na baridi, tunaitazama treni ya saa tatu ikiondoka, kumbe tungeweza kuipanda siku yoyote!

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Kadi moja ya wawili," akasema akitazama dirishani, "ni nusu ya gharama ya kadi mbili za wazee. Tulikuwa tunaokoa."

Na hilo lilikuwa kweli! Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kunizunguka. Kama angesema, "Nilitaka tuwe pamoja," ningeelewa. Kama angesema, "Sikujua," ningeelewa pia. Lakini alitoa hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Sasa mimi nilikuwa nani kwake, mtu au punguzo?

Nisijifanye malaika. Tangazo la kadi ya wazee limebandikwa juu ya dirisha la Sukhi, kubwa kama shuka. Nimelisoma kila Jumatano. Nilidhani ni la wazee.

Nilipaswa kuuliza. Mtu mwenye akili angeuliza. Lakini behewa lilikuwa na watu, nilikuwa nimeaibika, na mimi nikiaibika hukasirika, na nikikasirika huwa na adabu sana.

"Basi kila mtu akate yake," nikasema. "Ni rahisi zaidi. Mimi sina neno."

Lazima niseme kitu kuhusu neno hilo. Kwetu, "sina neno" linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, linaweza kuwa umeniumiza na nitakumbuka mpaka kaburini, linaweza kuwa tafadhali nibembeleze. Mara moja moja tu hutokea kwamba mtu kweli hana neno. Watoto wetu wanazaliwa wakijua kutofautisha. Royston, mtu wa hapahapa, mtoto wa Colbury, alitakiwa ajue.

Vituo viwili vikapita. Kisha akasema, "Kama ndivyo unavyopenda, Glenys, mimi pia sina neno."

Tukasikiliza kinanda siku ile kama watu waliokwenda msibani. Hatukununua samaki.

Kadi ilipoisha nilisubiri aseme. Hakusema. Nikajikaza, nikaenda stesheni siku isiyo Jumatano ili nimwulize Sukhi habari za kadi, kana kwamba najiulizia mimi tu.

"Bwana Royston alikuja jana," Sukhi akasema. "Kakata ya wazee. Na wewe nikukatie, mpenzi?"

"Yake peke yake?"

"Ya wazee ni ya mmoja mmoja, mpenzi."

"Nitafikiria," nikasema, nikarudi nyumbani kusugua oveni. Niliisugua mpaka rangi ikatoka. Niliumia, nisiseme uongo. Niliona kadi yake mpya akilini mwangu, na jina moja juu yake, na nikajihisi nimekatwa na mkasi kutoka kwenye ile picha. Halafu nikajigombeza: Glenys, ni wewe uliyesema kila mtu akate yake. Mtu amekutii, sasa unamlilia nini? Halafu nikamgombeza yeye: nani alikuambia unitii? Hukunitii hata siku moja kuhusu bei ya samaki, leo ndiyo unanitii?

Jumatano zikapita, mimi ndani. Nilijiambia ni magoti. Kila ilipofika saa ya treni nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Nikimfikiria amekaa kwenye benchi peke yake na chupa ya chai nasikia uchungu, nikimfikiria amekaa na mtu mwingine nasikia uchungu zaidi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nilikuwa nimejifunika mpaka kisogo.

Kisha nikakutana na Sukhi dukani, kwenye mikate.

"Mmegombana?" akaniuliza bila salamu.

"Nani na nani?"

"Usinifanye mtoto, mpenzi. Wewe hupandi tena, na yeye siku hizi anapanda ya saa mbili. Ile ya wafanyakazi! Anasimama mpaka Birmingham, wamebanana kama samaki wa kopo."

"Saa mbili? Kinanda kinapigwa saa saba mchana. Anafanya nini kule asubuhi yote?"

"Anazunguka tu. Nilimwuliza, nikamwambia mzee, si upande ya baadaye ukae kwa raha? Akasema hataki kukusumbua kwenye treni yako."

"Treni yangu ipi?"

"Ya saa nne. Kasema ile ni yako, kakuachia."

Nikaweka mkate chini. "Lakini mimi niko nyumbani, Sukhi! Sijapanda treni yoyote!"

"Basi," Sukhi akasema akichagua maandazi yake ya zabibu, "mmemwachia mkaguzi."

Nilitembea nyumbani bila mkate. Mwanamume anayekuachia treni nzima, anakupenda au anakukimbia? Niliigeuza huku na huku kama shati lisilojulikana mbele na nyuma. Kama ananikimbia, angeweza kuacha kwenda Birmingham kabisa. Kama ananipenda, angebisha hodi, nyumba zetu zimeachana mitaa mitatu tu. Au aliona haya kubisha hodi? Au alidhani mimi ndiye ninayemkimbia? Au alipenda kweli kusimama? Hesabu ya nauli niliwahi kuiona ngumu. Hii ilinishinda kabisa.

Nilichojua ni kimoja tu. Nikimwacha aendelee na treni yake ya saa mbili, na mimi niendelee na magoti yangu, tutazeeka hivyo, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu, mpaka mmoja amzike mwingine na kutuma maua. Wazo hilo lilinitisha kuliko aibu.

Jumatano nikawa dirishani kwa Sukhi kabla ya saa mbili, nimevaa koti langu zuri. Nyuma yangu foleni ya watu wa kazini, wote na simu mkononi na hasira usoni.

"Birmingham, kwenda na kurudi," nikasema.

"Ya saa nne?"

"Ya sasa hivi."

Sukhi akainamisha kichwa karibu na kioo. "Mpenzi, hii ni bei kamili. Pauni kumi na tisa. Subiri kidogo upate punguzo."

"Nipe."

"Basi nikukatie kadi ya wazee hapahapa, ni dakika chache. Una kitambulisho kinachoonyesha umri?"

"Uso wangu hautoshi?"

"Mimi unanitosha. Mashine haitaki uso."

"Dada, treni inaingia," mwanamume wa nyuma yangu akasema.

Maishani mwangu sijawahi kununua hata siagi kwa bei kamili. Nikahesabu noti mbili za pauni kumi, nikazisukuma chini ya kioo. Sukhi akanitazama, akaitazama treni, kisha naona akaelewa, maana alinipa tiketi na chenji bila kuniita mpenzi. "Behewa la nyuma, Bi Glenys," akasema. "Karibu na choo. Kimbia."

Nikakimbia. Magoti yangu yale!

Mabehewa mawili tu, kama kawaida yao, kwa watu wa mji mzima. Nilijibana mlangoni, mlango ukafungwa na mkoba wangu nusu nje, mtu akauvuta ndani. Nikaanza kupenya. Samahani, samahani, samahani. Kijana mmoja alinionyesha kwa kidevu kwamba hakuna nafasi mbele, nikamwambia najua, nikapita. Na pale karibu na choo, ameshika bomba, koti la kahawia, alikuwepo. Alikuwa amekonda. Aliniona akafumba macho na kufumbua kama mtu asiyeamini ratiba.

"Glenys. Umeamka mapema."

"Nimeamka."

"Kuna mvua."

"Ipo."

Treni ikapinda, tukayumba wote. Mwanamke mmoja mwenye vidude vya muziki masikioni alikuwa ameniegemea begani, na bwana mmoja alikuwa ameibana kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga. Royston akanitazama mkononi.

"Unajua kwamba ile kadi yetu isingefaa saa hizi?"

"Ile kadi yetu imekufa, Royston."

"Kweli. Kweli kabisa. Umekata ya wazee?"

"Sijakata."

Akashtuka waziwazi. "Umelipa bei kamili?"

"Nimelipa bei kamili."

"Lakini Glenys, kwa kadi ya wazee ungeokoa zaidi ya pauni sita! Hata bila kadi, ungesubiri tu ya saa nne ungeokoa saba. Hakuna mtu mwenye akili zake anayelipa..."

"Royston."

"...isipokuwa mtu wa kazini, ambaye..."

"Royston! Unanifundisha nauli?"

Vichwa vya behewa zima vikainama. Watu wetu hawa wakisikia ugomvi hawakutazami. Wanatazama viatu vyao na masikio yao yanakua. Wahenga walionya usimwage mtama penye kuku wengi. Mimi nilikuwa nimeshamwaga gunia.

"Kwa nini ulikata kadi peke yako?" nikamwuliza.

"Ulisema huna neno."

"Niliongopa!"

"Ningejuaje?"

"Ungeniuliza!"

"Niliogopa." Sauti yake ilikuwa ndogo, na mikunjo ya uso wake yote ilikuwa imeshuka. "Niliogopa nikikuuliza utasema kweli huna neno. Basi nikaona nikuachie treni, usijisikie vibaya kukutana na mimi."

"Nilikuwa nyumbani, Royston. Jumatano zote. Nasugua oveni."

"Nyumbani?" Akanitazama kama niliyemwambia kwamba Birmingham imehamishwa. "Kwa hiyo ya saa nne ilikuwa inakwenda na nani?"

"Sijui! Muulize mkaguzi!"

Mtu mmoja karibu na dirisha akacheka, akajifanya anakohoa.

"Sielewi," Royston akasema polepole. "Kama hukutaka kusafiri na mimi, ungekata ya wazee. Kama ulitaka, ungesubiri nikushauri. Sasa umekuja saa ambayo ni ghali kuliko zote, bila kadi yoyote. Kwa nini hukusubiri, Glenys?"

Na mimi niliyekuwa nimechanganyikiwa majuma yote yale, ghafla kitu kimoja kikanyooka. Nikaona kwa nini watu waliotuzunguka wanalipa bei ile huku wanainung'unikia. Hawakuwa wajinga. Kuna mahali lazima wafike.

"Kwa sababu nimeshindwa kusubiri," nikasema. "Nakupenda, mwanamume wewe. Nakupenda na sitaki kungoja mpaka saa tatu na nusu ndipo nikwambie. Nina neno. Nina maneno tele, miaka miwili nimeyakalia, na kama huna la kunijibu niambie nishuke kituo kijacho."

Mwanamke wa pembeni akatoa kidude kimoja sikioni. Bwana wa kompyuta akaacha kutazama viatu.

Royston akawa mwekundu tena mpaka masikioni. Akauhamisha mkono mmoja kutoka kwenye bomba, akakosa pa kuuweka. Kisha akasema kitu. Midomo yake niliiona ikitikisika, lakini wakati huohuo treni ikaingia chini ya daraja na kelele zikatujaa, na masikio yangu si ya ujana. Sikusikia hata herufi moja. Nikabaki namkodolea macho, nataka kumwambia arudie na naogopa arudie.

"Kasema nini huyo mzee?" bwana wa kompyuta akauliza.

"Kasema na yeye pia," mwanamke akamjibu, machozi yanamtoka. "Kasema na yeye pia, tangu siku ya kwanza."

"Kasema nini?" mtu wa mbali akapaza sauti kutoka upande wa pili wa behewa.

"Na yeye pia!" watatu wanne wakamjibu, na habari ikaanza kupita kutoka mdomo hadi mdomo, kwenda mbele, kwa watu nisiowajua waliokuwa wanachelewa kazini. Royston akainamisha kichwa kwa haya mpaka paji la uso wake likagusa langu, na tukabaki hivyo, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusogea.